Watoto wangu wa Gredi ya 3 wameonjeshwa tembo la mnazi shambani kwa mjomba, sasa wazazi wamewaka

Shikamoo Somo,

Mie ni mwalimu wa Gredi ya 3 hapa Malindi mjini, shule naomba nisiitaje, na nakuandikia usiku huu kwa sababu tangu Alhamisi usingizi sina.

Nina watoto 47. Tulikuwa tunasoma mambo ya mimea na wanyama, na huu mtaala wa CBC unataka mtoto aone na ashike sio akae achore ng'ombe akitazama ubao. Siku moja nikawauliza tui linatoka wapi, mmoja akanijibu kwa pakiti, wenzake wakaitikia ndio mwalimu kwa pakiti. Hawa ni watoto wa Malindi Somo, wanalala wakisikia makuti yakipiga kelele juu ya paa! Nikasema hapana, hawa nawapeleka shamba.

Mjomba wangu ana shamba upande wa Ganda, si kubwa lakini kila kitu kiko, minazi, mikorosho, miembe, mihogo, mbuzi, kuku na ng'ombe wawili wa kienyeji. Shamba la kazi, halijapambwa kwa wageni. Nikamuomba akafurahi sana, akasema waje. Wazazi wakatoa shilingi 300 kila mtoto, tukakodi basi, tukaondoka saa 2 asubuhi maana jua la kaskazi unalijua lenyewe.

Na Somo, ilikuwa raha. Mjomba aliwapanga chini akawaonyesha nazi tangu ikiwa upunga, halafu kidaka, kitale, dafu, koroma mpaka nazi yenyewe, akawafulia kwa kifuo kila mtu anataka kujaribu. Mke wa mjomba akaita kutoka jikoni "nileteeni mbuzi nikune nazi", watoto kama 10 wakakimbia bandani wakarudi wanamburuta beberu kwa masikio, tulicheka mpaka tukakaa chini. Kuna mtoto alishika bibo akauliza mbona korosho iko nje ya tunda, Mungu aliisahau? Sikuwa na jibu, nikamwambia tutaangalia tukirudi darasani.

Sasa. Ilipofika kama saa 4 hivi mgema wa mjomba akashuka mnazini, kotama kiunoni na kibuyu chake, watoto wakamzunguka wanauliza ni maji ya dafu? Akasema hili ni tembo, tamu hili, halijachacha. Mjomba naye akachukua kata akamimina kidogo akasema wageni hawaondoki kwangu midomo mikavu. Mie wakati huo nimepeleka wasichana msalani. Narudi napata watoto 4 washaonja, mmoja anapangusa mdomo anasema "tamu kama soda", na mwalimu mwenzangu aliyekuja kunisaidia badala ya kuzuia yuko na simu anarikodi, na hiyo vidio ikaingia kwa grupu ya wazazi hata basi hatujapanda.

Kufika mjini meseji hazihesabiki. Baba mmoja kaandika mumewapeleka watoto wetu mangweni, kilabuni pa tembo. Mwengine kasema ndio maana shamba ni la mjomba wake, pesa zimeliwa kifamilia. Kuna waliotaja dini na kabila, hayo siyaandiki hapa. Mama mmoja kasema anamtoa mtoto wake shule.

Hedi ananitaka Jumatatu nimpe barua ya kuomba msamaha kwa "kuwapeleka wanafunzi mahali pasipofaa" na kuahidi darasa langu halitaenda shamba tena. Mjomba habari zimemfika, kanipigia akaniambia kama kwangu ni mahali pasipofaa basi hata mihogo uliyokula mpaka ukasomea ualimu ilitoka mahali pasipofaa. Akakata simu. Huyu ndiye aliyenilea Somo.

Nimekosea wapi hasa? Hiyo barua niandike? Na mjomba nimwendee na uso gani?

Mwalimu asiyelala, Malindi

*

Marahaba mwanangu.

Nilipofika pale pa mbuzi nilicheka mpaka mjukuu akatoka chumbani kuja kuniangalia. Nilipofika kwa vidio nikaacha kucheka.

Nianze na penye uchungu tumalizane napo. Wale watoto 4 kuonja tembo ni kosa na kosa ni lako, si la mjomba wala la mgema. Usininunie. Watoto 47 kwa walimu 2 ni kuchota maji kwa pakacha, halafu wewe ukaondoka na wasichana akabaki mmoja, na huyo mmoja macho yake yako kwa skrini ya simu. Hata ungewapeleka darsani msikitini kingeharibika kitu. Mjomba alifanya vile mzee yeyote wa shamba anavyofanya akiingiliwa na wageni, mgema alijibu swali aliloulizwa, na mlinzi wa wale watoto hapo shambani ulikuwa ni wewe.

Na hilo neno "tamu" lisikudanganye. Tembo huanza kuchacha likiwa bado juu mnazini, kibuyu kimebaki na chachu ya jana, na la asubuhi ni lile lililodondoka usiku kucha, kwa hivo utamu upo na ulevi nao ushaingia. Likikaa mpaka kesho yake ni kali, ukiliacha wiki kadhaa unapata siki ya kutilia kachumbari. Kwa hiyo usije ukathubutu kumwambia mzazi ati ilikuwa juisi tu, wengi wao wanalijua tembo kuliko wewe. Kuna na ile sheria ya vileo ya 2010, ya Mututho kama tulivyozoea kuiita kwa jina la mbunge aliyeileta, aliye chini ya miaka 18 hauziwi wala hapewi kileo. Mjomba hakuuza, sawa, lakini hata kugawa kumo, na wewe hutaki mambo yafike huko.

Tena usidhani ni Waislamu peke yao waliochomeka. Kwa Muislamu ni jambo amemkataza mwanawe tangu hajajua kusema, halafu anamuona kwa simu anapangusa mdomo akicheka, na Ramadhani iko mlangoni. Lakini hapo darasani kwako kuna mtoto Mkristo ambaye baba yake hutoka mangweni kila usiku akiimba, na mamake alikuwa anaomba Mungu huyu mdogo asiijue hiyo harufu. Mama huyo pengine hakuandika chochote kwa grupu. Yule ndiye wa kumfikiria sana.

Basi hizo nyumba 4 ziendee kwa miguu yako, kabla ya Jumatatu, na si kwa meseji wala sauti ya kurikodi ya dakika tano. Bisha hodi, kaa barazani, sema nilikuwa msalani na watoto wengine, mwanao akapewa tembo akaonja, nilipaswa kuwepo na sikuwepo, nisamehe. Ukishasema hivo nyamaza. Usitie "lakini". Atakayefoka mwache afoke, chai ukipewa kunywa.

Sasa hiyo barua ya hedi, hapo mimi na yeye tunaachana njia. Omba msamaha wa tembo lililoingia vinywani, huo andika na uweke saini. "Mahali pasipofaa" usiandike. Shamba la watu linalowalisha ni mahali pasipofaa tangu lini? Na wewe mwenyewe uandike hivo juu ya nyumba iliyokulea?

Hebu fungua daftari la Kiswahili la mtoto yeyote wa madarasa ya juu hapo kwenu, utakuta mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nimefundisha miaka 31, hiyo methali nimeisahihisha mpaka macho yakaingia mtoto wa jicho, na sijaona mzazi hata mmoja kuja kunigombeza ati namfundisha mwanawe ulevi. Kwa karatasi mgema ana ruhusa, akishuka mwenyewe na jasho lake ndio amekuwa haramu! Hata hiki kidato ambacho wazazi hao hao wanakililia watoto wafike, asili yake iko palepale mnazini, ndio ule mkato wa kukanyagia anapopanda mkwezi. Watoto wako wameviona vidato vyenyewe vikiwa kwa mti. Mie nilisomesha neno hilo miaka mingi nikichora ubaoni mnazi unaofanana na fagio.

Na hapa ntasema neno dada zangu wanipigie simu. Bibi yangu, mwanamke wa swala tano, mkate wa kumimina alikuwa akiuumua kwa tembo, hamira za pakiti zilikuwa hazijaenea, na si yeye peke yake pwani hii. Ilifaa au haikufaa muulizeni sheikh wenu, mie si mufti. Nasema tu mgema hakuingia Malindi Alhamisi iliyopita.

Halafu kuna somo kubwa lilikupita hapo na lilikuwa limesimama mbele yako na kibuyu mkononi. Mnazi ukishatoa karara, kile kifuko cha maua yake, mwenye shamba ana mawili. Aliache lipasuke lizae, angoje karibu mwaka mzima mpaka nazi ikomae, au alifunge alikate kidogo kidogo kwa kotama apate tembo kila siku, na karara lililogemwa nazi haliwezi kuzaa. Pesa kidogo ya leo na kesho na keshokutwa, au nazi za mwakani. Mtoto wa miaka 8 anaielewa hesabu hiyo, kwao duka la jirani linakopesha unga na deni linadai Jumamosi. Ungemwachia mjomba aeleze kwa nini minazi ile anaigema na hii anaiacha, ungepata hesabu, mazingira na Kiswahili siku moja, na hakuna tone lingeguswa. Ndio raha ya shamba la kazi hiyo, mwenyewe anakwambia kwa nini anafanya anachofanya, ambacho bustani ya maonyesho haikuambii.

Pesa. Hili la mjomba kulipwa lingekufa siku ya kwanza kama ungelisema wewe kabla hawajaligundua wao. Ulitakiwa kuandika kwa ile karatasi ya ruhusa kwamba shamba ni la mjomba wangu. Watoto 47 mara 300 ni 14,100, basi kaa chini uandike basi lilikula ngapi, mjomba alipewa ngapi, maji na mahamri ngapi, weka na risiti ya basi, upeleke kwa hedi na kwa grupu. Ikiwa mjomba hakuchukua kitu sema hakuchukua, na kama alichukua 3,000 sema 3,000, mzee kapoteza asubuhi nzima ya kazi na madafu juu, si dhambi kulipwa. Watu hawachukii pesa kuliwa kama wanavyochukia kufichwa.

Kwenye hiyo ahadi ya kutoenda tena, mpe hedi kitu kingine badala yake. Mwambie tutaenda tena baada ya Idi, kabla mvua za mwaka hazijakaza, lakini kwa utaratibu huu, umweke mezani umeandikwa. Yeye anaogopa wazazi na mzigo wa hili jambo uko kwake pia, kwa hiyo akiona umeshafikiri kwa niaba yake atalegea. Nikuambie vile ningefanya mimi.

Ningewagawa, 24 siku moja na 23 siku nyengine, na kila safari wakubwa 4, wawili wawe wazazi. Na mmoja wa hao wazazi awe yule baba wa "mangweni". Ndio, yeye. Mwambie nakuhitaji unisaidie kulinda. Akikataa amekataa mbele ya watu, akikubali utamuona saa 4 amesimama kwenye kifuo anagombania kufua nazi na watoto.

Wewe mwenyewe utangulie shamba siku mbili kabla, saa ile ile ambayo watoto watakuwepo, uzunguke kila mahali na mjomba. Ungefanya hivo mara ya kwanza ungejua mgema hushuka saa 4. Uangalie choo kiko wapi na nani atapeleka watoto, maji ya kunawa yako wapi na sabuni, maana mtoto akishashika beberu masikio halafu apewe mhogo ale, tumbo likimuuma usiku wa kulaumiwa ni nani. Mahali pa kukaa pasiwe chini ya mnazi wenye nazi, wewe mtoto wa Ganda sina haja ya kukueleza kwa nini, lakini nimewaona walimu kutoka mbali wanatandika mkeka palepale. Maziwa ya ng'ombe hayanywewi bila kuchemshwa hata mjomba aape. Na korosho mbichi isiingie mdomoni kabisa, lile ganda lina mafuta yanababua midomo na vidole, mtoto wa mjini anaona karanga anauma. Viatu vya kufunika, si ndara.

Simu ziwe kwa mkoba wa mtu mmoja. Akitaka picha apige za nazi.

Kwa wazazi nawe andika karatasi inayosema kilichopo, sio "ziara ya kimasomo" peke yake. Kitu kama: "Tunaenda shamba la kazi upande wa Ganda, ni la mjomba wangu. Watoto wataona mbuzi, ng'ombe, mikorosho na minazi. Baadhi ya minazi inagemwa, na watoto wataelezwa kazi ya mgema wakiwa mbali na hakuna atakayepewa tembo. Watakunywa dafu na watakula mhogo wa kuchemsha. Asiyetaka mwanawe aione kazi hiyo aniambie, atakuwa na kundi la mbuzi wakati huo." Mzazi akishasoma hivo akatia saini mmeelewana, na asiyetaka mheshimu bila kumuuliza maswali.

Haya, mjomba. Usimwendee na lawama, usije ukafungua mdomo na "umeniharibia kazi", hata kama ndivyo unavyojisikia. Nenda Jumapili, beba sukari na majani ya chai, salimia, kaa, mwache azungumze yeye kwanza mpaka amalize, na atakuwa na mengi. Halafu mwambie mjomba, mahali pako panafaa na hiyo barua nimekataa kuiandika hivo. Hilo ndilo anangoja kusikia. Baadaye, chai ishamiminwa, umwambie la tembo, kwamba watoto wa watu wana makatazo ya kwao na mgeni wa miaka 8 kinywaji chake ni dafu. Atakuelewa. Mzee anayejua kufundisha nazi tangu upunga hashindwi kuelewa hilo, na mbele ya wageni wake ana haki ya kuambiwa mapema nini wanakula na nini hawali, ambalo hukumwambia.

Ukiwa hapo hapo muulizie mgema. Katika barua yako yote amepita kama kibuyu chake, hana neno wala hisia. Uso wake uko kwa ile vidio, inazunguka Malindi nzima akiitwa mlevisha watoto, na yeye alipanda mti kwa kazi yake ya kila siku akashuka akakuta umati. Mtafute umpe pole, na yule mwenzako aifute vidio kwake na aombe kila aliyeipokea aifute, kwa ajili ya mgema na kwa ajili ya wale watoto 4 pia, isije ikaletwa kwa simu ya mtu wakiwa sekondari.

Na yule mtoto wa korosho bado anakudai jibu, umemwambia mtaangalia darasani na tangu hapo kumekuwa na kelele tu. Mwambie Mungu hakuisahau. Korosho ndiyo inayotangulia, hutoka ikiwa peke yake kama figo ndogo ya kijani, halafu kile kikonyo kilichoishika ndio huvimba baadaye kikawa bibo. Kwa hiyo tunda hasa ni korosho, na bibo ni mkono wake. Mchoree ubaoni, na kama unaye mtu wa kupita shamba kesho akuletee tawi moja lenye zote mbili, ndogo na kubwa, aone mwenyewe.

Somo